Majina Mawili kwenye Fomu Moja

Siku Mama alipohamia chumbani kwetu nilidhani ni askari magereza aliyestaafu. Tulikuwa tunaishi Deira, Dubai, nyuma ya masoko ya Al Ras, ghorofa ya tatu, chumba kimoja cha vitanda vinne. Mimi natoka Mombasa. Wenzangu wawili walikuwa dada wa Nakuru, wasusi wa saluni. Kitanda cha nne, kile cha karibu na mlango, kilikuwa kitupu tangu mwenyewe arudi kwao. Akaingia mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, nywele amezinyoa hadi karibu na ngozi, begi moja mgongoni. Hakubisha hodi. Alisimama katikati ya chumba akauliza, "Kitanda yangu iko wapi?"

Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

Akanitazama, akafikiri kidogo, akajibu, "Ndiyo."

Wale dada wa Nakuru walicheka mpaka wakajifunika taulo usoni. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Aliweka begi lake, akatandika, akaketi. Tangu siku hiyo sote tukamwita Mama.

Alikuwa Mganda, na Waganda wengi niliofanya nao kazi hapa hawasemi Kiswahili, au wanakijua kidogo na hawakipendi. Yeye alikisema haraka na bila woga, lakini kilikuwa Kiswahili ambacho sijawahi kukisikia kwa mwanamke. Kilijaa amri. Leta. Simama. Weka chini. Haraka. Alijua maneno kama doria na kizuizi, lakini hakujua mto wa kulalia unaitwaje. Akitaka nitazame wali usiungue alisema, "Wewe, linda sufuria." Maneno ya naomba, tafadhali na samahani hakuwa nayo kabisa. Si kwamba alikuwa mkali. Alikuwa mtu wa kwanza kuamka na kuwachemshia wenzake maji ya chai. Ila akikupa kikombe alisema, "Kunywa," ukanywa.

Nilimuuliza alikojifunza. Akasema, "Utotoni."

"Lakini kwenu watu hawasemi Kiswahili."

"Wengine tulisema."

Nikaona hataki kuendelea, nikaacha. Chumba cha watu wanne kinakufundisha kuacha maswali.

Kazi yake ilikuwa kwenye basi la shule, moja kati ya yale ya njano. Shule ilikuwa mtaa wa Silicon Oasis. Dereva anaendesha, yeye anakaa nyuma na watoto, anawafunga mikanda, anawahesabu wakipanda na kushuka, na mwisho wa safari anapita kila kiti hadi nyuma kuhakikisha hakuna aliyelala akasahaulika. Hilo la mwisho ni sheria, na wasimamizi wengine hulifanya kwa kuchungulia tu. Yeye aliinama chini ya kila kiti. Dereva wake, mzee wa Peshawar, Pakistani, aliwahi kunilalamikia tulipokutana mbele ya jengo, kwamba kila siku yalla, yalla, anamwambia twende, lakini mama huyu hashuki mpaka ameshika kila kiti kwa mkono.

Alipokuwa na mwaka na miezi kadhaa nasi, kaka yake alimpigia simu kutoka kwao. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mimi siku hiyo nilikuwa naingia kazini mchana, katika mkahawa mmoja kule Jumeirah Lake Towers, kwa hiyo nilikuwa chumbani nikipiga pasi sare yangu. Waliongea Kiganda kwa muda mrefu. Alipokata simu alikaa ameishika mapajani.

"Wewe unajua kuandika," akaniambia.

"Najua, Mama."

"Kuandika vizuri. Barua ya serikali."

Nikamwambia nilimaliza kidato cha nne na nilipata alama nzuri ya Kiingereza. Akanionyesha simu. Kaka yake alikuwa amempigia picha fomu ya kurasa mbili. Nikaisoma. Ilitoka kwa kamati ya wilaya yao. Walikuwa wakikusanya majina ya watu waliokuwa watoto msituni wakati wa vita vya miaka ya themanini, wale waliokuwa upande wa wapiganaji. Watapewa nishani katika sherehe, na mahali ilipokuwa kambi utajengwa ukuta wa kumbukumbu wenye majina. Kila mmoja aeleze alijiunga lini, alifanya nini, na nani alikuwa mkubwa wake. Mkubwa huyo, kama yu hai, atie sahihi kuwa shahidi.

Nilimwangalia. Nilikuwa nimesikia habari za watoto wale tangu shuleni. Waliitwa kadogo. Nilikuwa nimeona picha zao, bunduki imewazidi urefu. Wote katika picha walikuwa wavulana.

"Mama, wewe ulikuwa kadogo?"

"Nilikuwa na miaka kumi," akasema. "Andika."

Ndivyo tulivyoanza. Fomu ilitaka Kiingereza, lakini alikataa nianze na Kiingereza. Nilimwambia basi anieleze kwa Kiganda, kaka yake atafsiri. Akakataa pia. Kambini pale walikutana watu wa makabila mengi, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Amri zote zilitolewa kwa Kiswahili. "Mambo hayo yalinipata kwa Kiswahili," akasema. "Kwa Kiganda sijawahi kuyasema. Sijui yanaanzia wapi." Kwa hiyo tukakubaliana: aniambie kwa Kiswahili, niandike kwenye daftari, halafu ndipo nitafsiri.

Nilinunua daftari duka la chini, pale wanapouza ndimu kavu na kamba za katani, na Jumamosi tatu mfululizo tuliketi kitandani kwake, mimi nikiandika.

Jumamosi ya kwanza tuligombana. Nilikuwa nimejaza ukurasa mzima na nikamsomea kwa fahari. Niliandika kwamba akiwa msichana mdogo alijiunga na mapambano kwa moyo wa kishujaa ili kuikomboa nchi yake. Aliniacha nikamaliza, halafu akasema, "Futa."

"Nifute nini?"

"Yote. Mimi sikujiunga. Askari walikuja kijijini, mama akafa, baba sikumwona tena. Kaka alikuwa kwa shangazi, mbali. Mimi nilifuata watu waliokuwa wanakimbia. Wale watu walikuwa wanafuata wapiganaji kwa sababu wapiganaji walikuwa na chakula. Nilifuata chakula. Andika hivyo."

"Lakini Mama, hawa wanataka kutoa nishani. Ukiandika ulifuata chakula—"

"Na sikupigana. Nilibeba maji. Niliosha sufuria. Baadaye nikatumwa. Andika nilibeba maji."

Nilifuta. Ninakiri nilikasirika kidogo, maana nilikuwa nimejitahidi. Nilikuwa tayari nimewaza jinsi nitakavyowasimulia watu kazini kwamba ninaishi na shujaa. Nikaanza upya. *Nilikuwa na miaka kumi. Nilifuata chakula. Nilibeba maji.* Sentensi zikawa fupi kama mazungumzo yake, na kila niliyoirefusha aliikata.

Alisema kambini walikuwa watoto wengi. Waliozoea kulia waliacha siku chache za mwanzo, kwa sababu waliambiwa sauti itawaua wote. Wavulana wakubwa kidogo walifundishwa bunduki. Wasichana walikuwa wachache, na yeye aliwekwa jikoni pamoja na msichana mwingine wa umri wake. Huyo alikuwa amefika kabla yake, na ndiye aliyemwonyesha jinsi ya kufunga kamba kwenye sufuria kubwa ya kambi ili ibebwe mgongoni wakati wa kuhama. Sufuria hiyo ilikuwa zamu ya yule mwenzake. Ya kwake ilikuwa madumu ya maji, na madumu alibeba kichwani.

"Aliitwa nani?" nikauliza, kalamu mkononi.

Akanitajia jina la mdudu mmoja mdogo. Kila mtu kambini alikuwa na jina la bandia, na watoto walipewa majina ya wadudu na ndege. Jina lake la kwao hakuwahi kulisikia. Hata kijiji chake hakukijua. Walilala chini ya turubai moja kwa miezi minane.

Jumamosi ya pili alinieleza walivyotumwa. Kwenye barabara kuu jeshi la serikali lilikuwa limeweka kizuizi. Wapiganaji walitaka kujua pana askari wangapi, magari mangapi, na saa ngapi wanabadilishana zamu. Mtu mzima hawezi kukaribia. Wasichana wawili wenye beseni la chapati ndogo za ndizi na muhogo wanaweza. Mwanamke mmoja wa jikoni alizikaanga, wakahesabiwa hamsini kila mmoja, wakaambiwa wamwuzie kila askari moja tu, na yeyote asiyenunua wampe bure. Wakirudi, kilichobaki kinahesabiwa. Kwa njia hiyo hawakuhitaji kukumbuka namba, wala kuandika chochote ambacho kingekamatwa.

"Walikuwa wema, wale askari?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hivyo.

"Wengine. Mmoja alinipa sabuni."

Waliambiwa pia kanuni moja. Mmoja akizuiwa, mwingine aendelee kutembea. Asisimame, asitazame nyuma, asirudi njia ile ile. Walienda mara mbili, wakarudi salama, chapati zikahesabiwa.

Hapo alisema inatosha kwa leo. Alivaa viatu akashuka, nami nikamwona kutoka dirishani akipita kati ya wachukuzi na mikokoteni yao, akienda upande wa maji, yanakofunga majahazi. Alirudi baada ya saa mbili na kilo moja ya vitunguu.

Jumamosi ya tatu wale dada wa Nakuru walikuwa kazini. Mama aliketi na mgongo ukutani akasema ataisema mara moja tu, nisimkatishe.

Mara ya tatu walipofika kizuizini kulikuwa na askari mgeni. Alikuwa anawashika watu ukosi wa nguo na kuuvuta, akitazama mabega. Anayebeba mizigo ya msituni kwa kamba huwa na alama mbili begani, ngozi imekuwa ngumu na nyeusi. Mama yeye hakuwa na alama, kwa kuwa alibeba kichwani. Mwenzake alikuwa nazo. Askari alivuta gauni la yule msichana, akaona, akamuuliza anabeba nini kwao. Akajibu anabeba kuni. Askari akamgeukia Mama, akauliza, "Na huyu ni ndugu yako?"

Yule msichana akasema, "Huyu simjui. Tumekutana njiani."

"Akaambiwa aketi chini," Mama akasema. "Mimi nikaambiwa nipite. Nikapita. Nikafanya kama nilivyofundishwa. Beseni kichwani, sikutazama nyuma. Nilizunguka kwa njia ya mtoni, nikafika jioni. Wakahesabu chapati zangu. Nilikuwa nimeuza kumi na moja."

Nikangoja.

"Na yeye?"

"Hakurudi. Siku ya pili walishambulia kizuizi, wakakichukua. Hawakumkuta. Niliuliza mara moja, nikaambiwa kadogo haulizi."

Nilikuwa nimeacha kuandika bila kujua. Aliona, akanigusa mkono kwa kidole. "Andika. Alisema hanijui. Na mimi miaka yote hii nikafanya hivyo hivyo, kama simjui. Mume wangu alikufa bila kujua. Binti yangu hajui. Sasa wanataka kuandika jina langu ukutani. Nataka la kwake liandikwe kwanza."

Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja tu. Nilimwambia. Akasema niandike mawili katika nafasi hiyo hiyo, herufi ndogo. Nikafanya hivyo: la mwenzake juu, la kwake chini.

Likabaki suala la shahidi. Kaka yake alimtafuta yule aliyekuwa mkubwa wa kambi, akapatikana, mzee sasa, anafuga ng'ombe, na ndiye mwenyekiti wa kamati yenyewe ya nishani. Alituma ujumbe kwamba anataka kwanza kuzungumza na huyu mtu wa Dubai, maana wamejitokeza wengi wanaodai walikuwepo.

Alipiga siku ya kazi, adhuhuri, Mama akiwa ametoka zamu ya kupeleka watoto na mimi nikiwa na siku yangu ya mapumziko. Simu ilipolia na akaisikia sauti ile, alisimama wima. Hakujua kama amesimama. Aliiweka simu kwenye spika kwa sababu alitaka nisikie kitakachohitajika kuandikwa.

"Wewe ni nani?" mzee akauliza. Kiswahili chake kilikuwa kama cha Mama, kile kile.

Akamtajia jina lake la msituni.

"Hilo jina mtu yeyote anaweza kulisikia. Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Maji, afande. Na chapati."

Halafu mzee akasema polepole, "Mlikuwa wawili."

"Ndiyo, afande. Mmoja alibaki kizuizini."

"Najua."

"Kulikuwa na askari anatazama mabega," Mama akasema. Sauti yake haikubadilika. "Afande, ulijua anatazama mabega?"

Nilisikia ng'ombe analia kule kwa mzee, na mtoto akiitwa.

"Tulipata habari usiku wa jana yake," mzee akasema.

"Na ukatutuma."

"Niliwatuma. Sikuwa na mtu mwingine wa kupita pale."

"Yeye alikuwa na alama. Mimi sikuwa nazo. Ungenituma mimi peke yangu."

"Sikufikiria," mzee akasema. "Huo ndio ukweli. Sikufikiria nani anabeba nini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nilikuwa na watu mia mbili wenye njaa. Nilifikiria magari."

Mama alikuwa bado amesimama, mkono mmoja umenyooka ubavuni.

"Nitatia sahihi," mzee akasema. "Majina yote mawili."

"Ndiyo, afande."

Simu ilipokatika aliketi, akaangalia miguu yake. Kisha akasema kwa hasira ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nimesimama. Umeona? Nina wajukuu, na nimesimama." Halafu akasema, "Nilipanga kumtukana. Miaka na miaka nimepanga maneno. Nikamwambia ndiyo afande."

Nilimwambia amemuuliza, na kuuliza si jambo dogo. Akasema, "Ndiyo, nimeuliza." Nikapasha chai. Tulikunywa, halafu akaenda kuchukua watoto wa basi lake shuleni, kwani saa ya basi la kurudi ilikuwa imefika.

Sherehe ilipangwa katikati ya muhula. Alimwomba ruhusa msimamizi wa mabasi, akajibiwa hakuna wa kushika nafasi yake, likizo ni wakati shule zikifungwa. "Khalas, imekwisha," aliniambia, "kaka ataenda." Nilimwona ameumia, lakini pia nilimwona amepumua. Nadhani hakutaka kusimama mbele ya mzee yule mara ya pili.

Siku hiyo nilibadilishana zamu na mwenzangu. Mama alikuwa na nafasi kati ya safari ya asubuhi na ya mchana, na mzee wa Peshawar alituruhusu tukae ndani ya basi lililoegeshwa, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi. Tulibana simu kwenye kiti cha mbele. Kaka yake alikuwa amempa kijana mmoja simu yake aturushie moja kwa moja. Picha ilikuwa inatetemeka. Tuliona hema jeupe, viti vya plastiki, bendi ya shule, na wanaume na wanawake wa umri wa Mama wamevaa suti na magauni ya gomesi, wamepangwa mstari kama watoto wa shule. Mama alikuwa akiwatambua. Huyu alikuwa mpishi msaidizi. Huyu aliumwa na nyoka. Huyu, akamsogelea kwenye kioo, "huyu hakuwepo. Huyu ni mwongo." Akacheka.

Mwenye kipaza sauti alikuwa akisoma majina, mtu anakwenda mbele, anavishwa. Ikafika zamu yao. Kaka yake akasogea. Mtangazaji, kwa kuwa aliona aliyekuja ni mwakilishi, akasoma kwa sauti ya huzuni: "Marehemu..." kisha jina la mwenzake, na halafu, bila kupumzika, jina la Mama. Watu wakainamisha vichwa.

Mimi nilishika mdomo. Mama alitazama simu, akanitazama, akatazama basi tupu.

"Wameniua," akasema.

Halafu akaanza kucheka, na hakuweza kuacha. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na sikuweza kujua kwa hakika yalikuwa ya nini, wala sikumuuliza. Dereva aligonga dirisha kuuliza kuna nini. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba nchi yao imempa Mama nishani. Mzee yule aliweka mkono kifuani akainama kidogo. Mama akajifuta uso kwa mkono wa sare, akaanza kuangalia mikanda ya viti, moja moja, maana muda wa kwenda shuleni ulikuwa umekaribia.

Kosa la marehemu lilirekebishwa kwenye karatasi baadaye, kaka yake alihangaika nalo wiki mbili. Ukuta haukuwa na kosa. Alituma picha yake miezi michache baada ya sherehe. Ni ukuta wa saruji, mfupi, umepakwa rangi nyeupe, una vibao vyeusi. Majina yako mengi kuliko nilivyotarajia. Upande wa chini kuna kibao cha wale ambao jina lao la kwao halikujulikana, wameandikwa kwa majina ya msituni tu, wadudu na ndege watupu, kama shairi la watoto. Jina la yule msichana lilikuwa la nne. Mama aliikuza picha kwa vidole mpaka herufi zikajaa kioo chote. Alikaa nayo hivyo kwa muda, halafu akaniuliza kama wameliandika sawa. Nikamwambia sijui, mimi jina hilo nimelisikia kwake tu. Akalisoma herufi kwa herufi. "Sawa," akasema.

Novemba hiyo shule iliadhimisha siku ya kuwakumbuka askari wa nchi hii waliofia vitani, kama kila mwaka. Watoto walisimama kimya uwanjani, na wasimamizi wa mabasi wakasimama kando ya mabasi yao. Mama alinisimulia jioni akipika. Alisema watoto wa darasa la tano, wenye miaka kumi, hawakuweza kusimama kimya hata dakika moja. Mmoja alikuwa anachezea kamba ya kiatu, mwingine anamkanyaga mwenzake kwa siri. "Mwalimu aliwakemea," akasema. "Mimi nilifurahi sana."

Nishani ilikuja na mwanamke wa kwao aliyekuwa anarudi kazini. Ilikuwa ndani ya kiboksi cha plastiki, nyepesi, utepe wa rangi tatu. Mama aliivaa mara moja juu ya gauni la kulalia, dada wa Nakuru wakampiga picha, akaivua.

Baada ya siku kadhaa, Jumamosi, aliniomba nichukue lile daftari. Nasema aliniomba, kwa sababu alisema "naomba." Binti yake, mwalimu wa shule ya msingi Kampala, alikuwa ameiona picha ya nishani kwa mjomba wake na alitaka kujua mama yake ameipataje. Mama alisema yeye hataweza kuisema mara ya pili, nimsomee binti yake nilivyoandika, kwa Kiingereza, kwani Kiswahili hajui.

Nilisoma kwenye simu, yote, tangu kufuata chakula. Binti hakunikatiza. Nilipofika kwenye sentensi ya "huyu simjui" nilimsikia akivuta pumzi. Mama alikuwa ameketi mbele yangu, amekaza macho kwenye simu.

Nilipomaliza, binti akasema kitu kwa Kiganda, swali fupi. Mama akalijibu. Akaulizwa jingine, akalijibu kwa urefu zaidi, mkono wake ukianza kusogea hewani kama mtu anayeonyesha ukubwa wa kitu, labda sufuria, labda beseni. Alikuwa ameniambia mambo haya hajawahi kuyasema kwa Kiganda. Sikuelewa hata neno moja. Nikamwekea simu mkononi, nikatoka kwenda jikoni kuosha vyombo.